Saa Kwenye Mkono wa Kulia

"Vilinyamaza kabla..."

"Baada!"

"...kabla ya moto, nakwambia, mimi ndiye niliyekuwa..."

"Baada ya moto! Wewe ulikuwa umefumba macho, utajuaje?"

"Nimefumba macho mimi? Mimi niliyeshika usukani, na wewe umeshika goti langu?"

"Usukani gani? Huo ulikuwa unajiendesha wenyewe!"

Marubani wawili watu wazima, mmoja ana wajukuu wanne na mwingine ana meno ya bandia, walikuwa wamesimama pua kwa pua katikati ya chumba cha marubani. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha chai kinachomwagikia sakafuni, na walikuwa wanagombania vifaranga ambavyo miaka kumi na tisa iliyopita vilishakuwa kuku, vikaliwa, vikasahauliwa na dunia nzima isipokuwa wao.

Nje, ukungu ulikuwa umelalia njia ya kurukia kama shuka lisilotaka kukunjwa. Mnara ulikuwa umeshasema redioni kwamba hakuna kuruka kabla ya saa nne. Na rubani asiye na pa kwenda hana breki mdomoni.

Sindano alikuwa kwenye kona, kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, anajifanya anasoma ramani. Kama mtu angemtazama vizuri angeona ramani ameishika juu chini.

Jina hilo la Sindano walimpa wenyewe mwaka wake wa kwanza pale, kwa sababu aliweza kuishusha ndege kwenye viwanja vyembamba ambavyo wengine walivizunguka mara tatu kwanza wakisali. Lakini sasa ilikuwa siku ya tisa hajagusa usukani. Siku tisa zilizopita injini yake ilizima hewani, akaishusha ndege kimya kimya kwenye uwanda wa chumvi, yeye na abiria wake mmoja, hakuna aliyechubuka hata ukucha. Tangu hapo watu walikuwa wanamsalimia kwa mikono miwili. Mpishi wa kantini alimkatia kipande kikubwa cha mkate. Walinzi wa getini walimpigia saluti. Na kila saluti ilikuwa inamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu alikuwa anajua kilichozima injini ile. Na alikuwa anajua kwamba saa nne, ukungu ukiondoka au usiondoke, Meneja atakuja kuchukua fomu ya ajali. Ikikutwa sehemu ya chanzo haijajazwa, itaandikwa "matengenezo", na fundi mkuu atavuliwa leseni yake ya miaka ishirini na sita.

Fundi mkuu alikuwa mjomba wake. Kaka yake mama, tumbo moja.

"Kaka yangu hali," mama alikuwa amemwambia asubuhi ile, akimpakia mkate kwenye mkoba kama bado yuko darasa la tatu. "Jana nimempelekea chakula, bakuli limerudi kama lilivyokwenda, hata kijiko hakijalowa. Hebu mwambie hiyo injini siyo mkewe, aiache ipumzike."

"Nitamwambia, mama."

"Mwambie wewe. Mimi ananiambia 'naangalia, naangalia'. Anaangalia nini siku tisa?"

Sindano alifunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga tena.

"Haya, tumuulize mtu ambaye hakuwepo!" alisema Kepteni Mnong'ono, yule wa meno ya bandia. Aliitwa Mnong'ono kwa sababu sauti yake ilisikika mnarani bila redio. "Sindano, mwanangu, wewe ni hakimu. Sikiliza kesi."

"Niacheni jamani," alisema Sindano.

"Hakimu hakatai kesi," alisema Kepteni Ndevu, rubani mkuu, na tayari alikuwa ameketi kwenye kiti.

Sasa, kiti hicho nacho kina habari yake. Chumba kile kilikuwa na viti vya plastiki saba, vitatu vimeunganishwa kwa waya, na kiti kimoja cha ngozi kilichong'olewa kwenye ndege iliyokufa kwa uzee. Hicho hakikaliwi ovyo. Rubani akirudi kutoka kwenye safari iliyomtoa jasho, anakaa pale na kuisimulia yote, kuanzia magurudumu yalipoacha ardhi mpaka yalipoigusa tena. Hairuhusiwi kuruka sehemu. Wengine wanauliza wanavyotaka, na anayeulizwa anajibu. Kabla hajakaa pale, hakuna anayepanda naye. Nani aliianzisha desturi hiyo hakuna aliyekumbuka, ila hata Meneja, aliyezoea kukanyaga kila kitu, alikuwa anakizunguka kiti kile kwa mbali. Sindano alikuwa amekikwepa siku tisa. Mara kichwa kinauma, mara anaitwa, mara tumbo.

"Tulikuwa na boksi za vifaranga mpaka kwenye dari," alianza Ndevu. "Vifaranga elfu mbili vya siku moja. Kelele zake, mwanangu! Injini mbili zinanguruma na bado unasikia chiii, chiii, chiii, kama umeweka kichwa ndani ya filimbi."

"Hapo anasema kweli," alisema Mnong'ono.

"Tukaingia kwenye wingu. Siyo wingu la kawaida. Lilikuwa jeusi mpaka kwa ndani lina rangi ya zambarau. Nywele za mikono zikaanza kusimama. Mimi nikamwambia huyu, unasikia? Akaniambia, nasikia nini? Nikamwambia, vifaranga. Vimenyamaza."

"Baada!"

"Vyote elfu mbili, kwa mara moja, kama mtu kazima swichi. Halafu ndipo moto ukaja." Ndevu aliweka kikombe chini. Sauti yake ilishuka bila yeye kupenda. "Ulianzia kwenye kioo. Rangi ya bluu. Ukawa unatambaa kama vidole vya mtu anayetafuta kitasa gizani. Nikaangalia nje, pangaboi zote mbili zimekuwa pete za moto wa bluu, pete nzima, zinazunguka, haziunguzi kitu. Ncha za mabawa zinatoa miale kama mishumaa. Na hakuna sauti. Ule uzuri, mwanangu... Nilisahau kwamba tunaweza kufa. Naapa nilisahau kabisa."

"Halafu nikamwangalia yeye," alidakia Mnong'ono, na hata yeye, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alinong'ona kweli. "Ndevu zake zinawaka. Kila unywele una cheche yake kwenye ncha, vinyota vya bluu kidevu kizima. Nikasema, basi, huyu ameshakuwa malaika, mimi sijui nitakuwa nani."

"Ukanishika goti."

"Nikakushika goti. Sikatai. Ulitaka nimshike nani?"

Wakacheka. Kwa kitambo kidogo watu wazima wale wawili walikuwa wanaangalia ukutani, kwenye ramani yenye pini, na Sindano alijua kabisa hawaioni ramani.

"Hukumu," alisema Ndevu.

"Kabla," alisema Sindano. "Viumbe vidogo vinasikia mapema."

"Kanunuliwa huyu!" Mnong'ono alirudi kwenye sauti yake ya kawaida na kikombe kikatetemeka mezani. "Sogea, nikae mimi. Nikupe moja isiyo na ubishi kwa sababu nilikuwa peke yangu."

Akakaa. Akasimulia jinsi alivyowahi kurusha kindege cha injini moja dhidi ya upepo wa mbele, upepo wa kukunja miti. Injini inavuta kwa nguvu zake zote, saa ya mwendo inaonyesha anakwenda, na chini yake kuna nyumba moja yenye bati jekundu na mama mmoja anaanika nguo.

"Naangalia mbele, naangalia chini. Yule mama kaanika shuka. Naangalia vipimo, naangalia chini. Kaanika shati. Bado niko juu ya bati lilelile! Lori likaja barabarani, likanipita. Nimepitwa na lori, mimi, futi elfu tatu juu! Dereva akanipigia honi."

"Honi uliisikia wapi?" aliuliza Ndevu.

"Niliiona! Mtu anayepiga honi unamjua kwa bega. Basi, yule mama akamaliza beseni zima. Akainua uso. Tukaangaliana. Akanipungia mkono, kama mtu anavyompungia mwenzake aliyesimama ng'ambo ya barabara. Nami nikampungia. Nikajiona kama nimetundikwa pale kwa pini. Mtu mzima, na leseni yangu, nimeshikwa kati ya vidole viwili vya kitu nisichokiona, kinanitazama, kinaamua kiniachie au kisiniachie."

"Kikakuachia."

"Kikaniachia mafuta yakiwa yamebaki ya kuwashia jiko."

Sindano aliposikia neno mafuta, ramani ilimponyoka mkononi.

Ndevu alimwangalia akiiokota. Alikuwa na macho ya watu waliokaa miaka mingi wakitafuta viwanja vidogo kutoka mbali.

"Sindano. Leo kichwa hakiumi?"

"Hakiumi, Kepteni."

"Tumbo?"

"Zima."

"Basi karibu kitini. Hapa ndipo penye joto."

Angeweza kusema anaitwa. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tatu kwa dakika kumi. Alisimama, akavuka sakafu yenye chai, akakaa. Ngozi ya kiti ilikuwa na ufa uliomkuna paja. Na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, Fundi akaingia na birika mkononi kufuata maji ya moto, ovaroli yake ina madoa mapya juu ya madoa ya zamani, mashavu yameingia ndani. Akamwona aliyekaa. Hakuongeza hatua. Aliegemea fremu ya mlango.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Sindano aliwageukia marubani.

"Niliruka saa mbili na robo," alianza. "Abiria mmoja, karani wa takwimu. Alikuwa amelala kabla sijafunga mlango."

Mnong'ono alicheka. Ndevu hakucheka.

Akawaeleza. Hali ya hewa nzuri, futi elfu saba, chini ardhi ya kahawia isiyo na mwisho. Ndege ile ina matangi mawili, moja kila bawa, na injini yake hunyonya tangi moja moja. Kila nusu saa rubani anageuza kishikio chekundu kilichopo sakafuni, kushoto au kulia, ili bawa moja lisiwe zito kuliko lingine. Na kwa kuwa nusu saa angani inapotea kama sabuni kwenye maji, marubani wa pale wana ujanja wao waliofundishwa na Ndevu: saa ya mkononi. Injini ikinyonya kushoto, saa unavaa kushoto. Ukihamia kulia, saa nayo inahamia kulia. Ukiingiwa na wasiwasi, usiinamie sakafuni. Angalia mkono.

"Nusu saa ikafika," alisema Sindano. "Nikavua saa mkono wa kushoto. Nikavaa kulia. Nikafunga mkanda wake. Nikaanza kuinama kwenye kishikio. Halafu nikaona korongo."

"Wangapi?" aliuliza Ndevu.

"Usiniulize wangapi, Kepteni."

"Kitini panaulizwa."

"Siwezi kuhesabu. Mwanzo nilidhani ni moshi. Nguzo ya moshi mweupe imetoka ardhini inapanda mpaka kwenye wingu. Nikasogea, nikaona moshi una mabawa. Korongo, Kepteni, wanazunguka, wanazunguka, wanabebwa na joto la ardhi bila kupiga bawa hata mara moja. Wa chini wadogo kama punje za mchele, wa juu hawaonekani, wameshaingia winguni. Na mimi nipo katikati ya urefu wake. Mmoja tu akiingia kwenye pangaboi, kwisha. Nikapunguza mwendo, nikaanza kuwazunguka taratibu, upande uleule wanaozungukia. Wakanikubali. Sijui niseme nini kingine, wakanikubali. Mmoja alikuja mpaka kwenye ncha ya bawa, mguu wake mwekundu umenyooka nyuma, akageuza shingo, akaniangalia kwa jicho moja. Kama anauliza, na wewe unakwenda wapi? Jua lilikuwa linapita katikati ya mabawa yao, na kivuli chao kinapita juu ya mikono yangu, kinapita, kinapita. Nililia. Sikujua ninalia mpaka nilipoonja chumvi. Karani anakoroma nyuma, na mimi ninalia."

Mnong'ono alikuwa amesahau kufunga mdomo.

"Nikatoka. Nikaendelea na safari, nimejaa, nina furaha ya ajabu. Dakika ishirini. Halafu injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza."

Aliona mikono yake imeshika usukani usiokuwepo. Aliishusha mapajani.

"Ule ukimya hamhitaji niwaeleze, mnaujua. Upepo tu kwenye kioo. Kitabu kinasema, badilisha tangi. Nikaangalia mkono. Saa iko kulia. Nikasema, niko tangi la kulia, limejaa, na la kushoto nililiacha linakaribia kuisha, nikirudi huko najiua. Basi siyo mafuta. Nikahangaika na kila kitu kingine. Kila kitu, isipokuwa kile kishikio. Kilikuwa pale karibu na kisigino changu."

Hapo Ndevu alielewa. Sindano aliliona likiingia usoni mwake polepole, kama maji yanavyoingia kwenye karatasi.

"Nikauona uwanda wa chumvi. Mweupe kote, hauna jiwe, hauna kivuli, hujui uko futi mia au futi mbili. Niliuona kama nashuka kwenye wingu lingine. Nikasubiri. Nikavuta usukani kidogo kidogo, nasubiri, nasubiri, na ardhi haiji. Halafu nikasikia magurudumu yanasaga, kama mtu anatafuna sukari. Tukasimama. Karani akaamka, akauliza, tumefika?"

Hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa inachekesha.

"Nikamwambia, bado kidogo. Nikainama kufungua mkanda. Nikakiona kishikio. Kimeelekea kushoto. Sikuwahi kukigeuza. Nilihamisha saa, sikuhamisha mafuta. Injini ilikuwa nzima wakati wote. Na mimi nikanyoosha kidole, nikakisukuma kulia, ili atakayekuja akikute kulia. Halafu nikawaambia watu injini imezima yenyewe. Mjomba, nisamehe. Injini yako haina kosa. Kosa ni langu, la kwanza lilikuwa la kusahau na la pili halikuwa la kusahau."

Fundi hakusogea. Birika lilikuwa linaning'inia mkononi mwake kama kitu ambacho hakijui kazi yake.

Ndevu ndiye aliyesogea. Aliinua mkono wake mwenyewe, akaitazama saa yake kama ameambiwa ina nyoka.

"Miaka thelathini," alisema. "Miaka thelathini nawafundisha, hamisha saa, geuza kishikio. Kwa mpangilio huo. Saa kwanza." Aliivua, akaiweka mezani, taratibu. "Mnong'ono, wewe unaanza na nini?"

"Saa," alisema Mnong'ono. "Kama ulivyonifundisha."

"Ishawahi kukutokea?"

Mnong'ono aliangalia dirishani. "Mara moja," alisema. "Nilikumbuka baada ya dakika tano. Sikumwambia mtu."

"Kumbe."

"Siku tisa," alisema Fundi kutoka mlangoni, na wote wakageuka. "Siku tisa napita mbele ya mlango huu nakohoa. Mpwa wangu, wewe husikii mtu akikohoa?"

Sindano alimtazama bila kuelewa.

"Unadhani ile ndege ilirudije hapa? Ilirudi kwa lori, mabawa yameng'olewa. Na mabawa hayang'olewi na mafuta ndani. Nilimwaga matangi kwa mikono hii. La kulia lilitoa madumu matano yamejaa. La kushoto halikutoa hata tone la kulowesha kidole. Nilijua kabla jasho halijakauka."

"Sasa kwa nini..."

"Kwa nini nini? Ningeandika siku ileile, wangesema mjomba anajiokoa kwa kumtosa mtoto wa dada yake. Ningeficha, wangesema damu inaficha damu. Nikasema, nimpe nafasi aseme mwenyewe. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tano mama yako ananiletea chakula, nakiangalia hakishuki, nasema, huyu mtoto niliyemfundisha jina la kila skrubu ananiangalia nikienda na maji, na anasalimia shikamoo!" Akatoa kwenye mfuko wa ovaroli karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii hapa. Nimeijaza jana. Chanzo, rubani. Saa nne kamili nilikuwa nampa Meneja. Usinifanye mtakatifu, nilikuwa nampa."

Akaivuka sakafu, akaiweka mapajani mwa Sindano. Kwenye sehemu ya maelezo ya rubani palikuwa peupe. Alimpa na kalamu.

Sindano aliandika. Mistari minne, mwandiko unayumba. Akasaini. Hakuna aliyemsaidia neno, na yeye hakuomba.

Ndevu aliisoma akiwa amesimama.

"Unajua kitakachofuata," alisema. "Leseni itasimama. Miezi mitatu, labda sita. Utarudi kwenye mtihani, utaruka na mwalimu pembeni kama siku ya kwanza. Mwalimu ni mimi, na sitakubembeleza."

"Najua, Kepteni."

"Na kwa kile kidole chako kilichosukuma kishikio, Meneja atakusema mpaka utamani ungeanguka."

"Haki yake."

"Haya." Aliikunja karatasi, na baada ya kuikunja hakujua aiweke wapi. "Lakini vile ulivyotua pale chumvini... Mimi nisingeweza. Nasema mbele ya Mnong'ono, na atanitangaza mji mzima. Nisingeweza."

Nje, ukungu ulikuwa umeanza kuchanika. Kipande cha njia ya kurukia kilionekana, kikapotea, kikaonekana tena. Redio ilikwaruza, mnara ukasema labda nusu saa. Mnong'ono alianza kupangusa chai sakafuni kwa kiatu, kazi ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiifanya.

"Ndege imeshafungwa mabawa yake," alisema Fundi. "Nimemaliza jana jioni. Inahitaji kurushwa kwa majaribio leo."

"Nitairusha mimi," alisema Ndevu. "Nusu saa, naizungusha juu ya kiwanja, narudi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alichukua birika lake akaelekea mlangoni, halafu akasimama, mgongo umewageukia. Miaka ishirini na sita alikuwa amefunga na kufungua kila ndege iliyopita pale, na hajawahi kuiacha ardhi hata kwa urefu wa ngazi. Akitaniwa alikuwa anajibu kwamba yeye anakijua kilichomo humo ndani, ndiyo maana hapandi. Kwenye harusi ya binti yake alisafiri siku mbili kwa basi, na wakwe walimkuta njiani wakirudi, sherehe imeshakwisha.

"Hao korongo," alisema bila kugeuka. "Bado wanapita?"

"Mpaka mwisho wa mwezi, Mjomba," alisema Sindano.

"Ndevu, wewe ni mwalimu. Mwalimu akiwa pembeni, mwanafunzi anaruhusiwa kushika usukani?"

"Nikiwa pembeni na nimesaini, ndiyo. Kwa nini?"

Fundi aligeuka. Aliliweka birika chini, bado halina maji.

"Basi naomba kiti cha nyuma," alisema. "Nipelekeni nikawaone. Na naomba aendeshe yeye."